Saa Hii Ni ya Nani?

Mayai mia tano na kumi na saba yalikufa ndani ya mashine yangu mwezi wa saba, kwa sababu mashine iliambiwa saa mbili asubuhi ikaelewa saa nane usiku.

Yalikuwa na siku kumi na saba. Mtu ambaye hajawahi kutotolesha atasema hayo ni mayai tu. Kwa siku kumi na saba si mayai tena. Ni vifaranga vimejikunja, vina manyoya, vimebakiza siku nne vitoboe ganda. Na havikuwa vyangu. Vilikuwa vya wanawake thelathini na wanne wa Mtinko, na mwenyekiti wao ni Rahabu. Rahabu si mtu wa kumwambia pole ukamaliza.

Mimi ni Antipasi. Natotolesha vifaranga hapa Ikungi, mwaka wa kumi na moja huu. Nilianza na sanduku la mbao na taa ya chemli, sasa nina mashine ya mayai mia saba. Mashine inaongozwa na programu aliyoiandika Theodora, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka tisa. Alisoma kompyuta Dodoma, akaajiriwa mwaka mmoja kazi ya kunakili majina ya watu kutoka kwenye karatasi, akaacha, akarudi kwangu. Alitaka mashine za vijijini ziongozwe na programu moja inayoongea Kiswahili. Zimefika saba sasa, pamoja na yangu na moja ya Iguguno.

Programu inageuza mayai, inapima joto, inahama kutoka kwenye umeme kwenda kwenye betri. Jambo moja haiwezi: haijui yenyewe kwamba umeme umekatika. Inaambiwa. Zamani niliiambia kwa kujaza fomu kwenye simu, unachagua saa, unachagua asubuhi au mchana au usiku, unathibitisha, unathibitisha tena. Nililalamika. Nikamwambia Theodora vidole vyangu ni vya kushika jembe, vitufe vyake ni vya kushikwa na sisimizi. Akaniwekea njia ya meseji. Unaandika neno moja na namba mbili, basi.

Jumatatu jioni likatoka tangazo kwamba kesho yake umeme utakatika saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nikaandika: ZIMA 2 10. Jibu likaja: Imepokelewa. Asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Mtinko kwa Rahabu kupanga awamu inayofuata ya mayai. Martina, mke wangu, akaenda shambani kupiga alizeti. Nyumba tukafunga.

Mashine ilifanya kile ilichoelewa. Saa za mashine zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hiyo mbili yake ni saa nane usiku yetu, na kumi yake ni saa nne asubuhi. Saa nane usiku, umeme ukiwepo na mimi nimelala, ikahamia kwenye betri. Betri zetu zinabeba saa nane, zikaisha. Saa nne asubuhi ikarudi kwenye umeme, na umeme haukuwepo. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni mayai yalikaa bila joto, kwenye upepo wa Singida wa mwezi wa saba, ambao kila mtu wa huku anaujua.

Nilifika saa tisa na nusu. Kipimajoto kilipaswa kusoma thelathini na saba na nusu. Kilisoma ishirini na mbili.

Theodora alikuwa Singida mjini. Aliporudi alinikuta kwenye chumba cha mashine nimeziba dirisha kwa blanketi.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Usikae. Shika tochi."

Tukamulika mayai yote. Kazi hiyo ina utaratibu wake na siubadilishi kwa ajili ya mtu. Unaweka trei tatu mezani. Ya kwanza ni ya walio hai, unaona kitu kinacheza kwenye mwanga. Ya pili ni ya waliokufa. Ya tatu imeandikwa SIJUI. Yai ambalo huna hakika nalo haliendi kwa walio hai hata kama moyo wako unalitaka, kwa sababu likiwa bovu litapasuka katikati yao na kuharibu mengine. Linakaa peke yake, rafu ya chini kabisa ya mashine, mpaka lenyewe lijieleze.

Theodora alishika yai moja, akalimulika, akalimulika tena, akataka kuliweka kwa walio hai.

"Umeliona limecheza?"

"Kama limecheza."

"'Kama' ni trei ya tatu."

Akaliweka trei ya tatu. Halafu akakaa chini sakafuni akaanza kulia. Mimi sikumbembeleza, maana yalibaki mayai mia mbili ya kumulika. Nilimpa dakika tano, nikamwambia tochi haijishiki.

Tulipomaliza alifungua kompyuta, na haikumchukua muda kuona. Fomu ya zamani ilipokea saa yetu na kuipitisha mahali pamoja panapoigeuza kuwa saa ya mashine. Meseji haikupita hapo. Mbili yangu iliingia moja kwa moja kama ilivyo.

"Ni kosa langu," akasema.

"Ni letu. Wewe umeacha mlango, mimi nimepita bila kupiga hodi. Utarekebisha?"

"Nimesharekebisha. Ni mstari mmoja wa kodi."

"Kodi gani tena? Juzi nimetoka kulipa ya soko."

Akacheka huku machozi hayajakauka. "Si hiyo, baba mdogo. Maandishi ya programu, tunayaita kodi."

"Haya. Na umejuaje kwamba hakuna mahali pengine penye kosa kama hilo?"

Akashusha mistari kwenye kioo, ikawa haiishi. Mistari yenyewe, alisema baadaye, ilikuwa zaidi ya elfu kumi na moja.

Jumatano Rahabu akapiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Antipasi, nimesikia umetupikia mayai."

"Nimeyapoza. Kuyapika kungekuwa afadhali, mngekula."

"Usinifanyie masihara. Mimi nina wanawake thelathini na wanne hapa wananitazama usoni. Alhamisi ya wiki ijayo nakuja Ikungi. Ama nakuja na mayai mengine mia sita, ama nakuja kuchukua trei zetu. Itategemea mtakachonionyesha. Na usinionyeshe huruma, nionyeshe kitu."

Nikamwambia Theodora maneno hayo kama yalivyo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mtinko wakiondoka, Iguguno wataondoka, na wale wengine watano watazima programu na kurudi kugeuza mayai kwa mkono. Theodora angerudi Dodoma kunakili majina. Tulikuwa na siku nane.

Alichoamua kutengeneza ni mkaguzi. Ni programu inayosoma programu nyingine kabla haijaanza kazi, na kuweka mstari mwekundu chini ya kila kitu kisichofuata kanuni. Wakaguzi wa namna hiyo wapo tayari, wanakuja na kanuni za kawaida. Lakini hakuna mtu duniani aliyeandika kanuni ya saa ya Kiswahili. Hiyo ilibidi aiandike yeye.

Siku mbili za kwanza alifanya peke yake. Ijumaa akaniita nione. Kanuni yake ilikuwa rahisi: popote panapotajwa "saa", mkaguzi apige kelele. Akaiwasha. Mistari myekundu mia moja arobaini na tatu.

"Nyingi," nikasema. "Huu wa kwanza ni nini?"

"Hizi ni saa za joto. Yai limekaa saa ngapi kwenye joto."

"Hiyo si saa ya ukutani. Hiyo ni muda. Na huu?"

Akainama kutazama, akaziba mdomo. "Huu ni ukurasa wa msaada."

"Msaada una saa?"

"M-saa-da," akasema. "Iko katikati ya neno."

Nilicheka mpaka Martina akaja kuuliza kuna nini. "Mkaguzi wa mwanao amemkamata Msaada," nikamwambia. "Bado Saada wa duka la mbolea, naye ajifiche."

"Na yeye yumo," Theodora akasema kwa sauti ndogo. "Yuko kwenye orodha ya wateja."

"Sasa mwizi mwenyewe je? Mstari wa meseji yangu umeurudisha ulivyokuwa ili tumjaribu?"

Alikuwa ameurudisha kwenye nakala ya majaribio. Tukautafuta. Haukuwa na mstari mwekundu. Namba za meseji alikuwa amezipa majina "kuanzia" na "mpaka". Hazikuwa na neno saa hata kidogo.

"Kwa hiyo," nikasema, "amekamata watu mia moja arobaini na tatu kwa jina, na aliyeua mayai amempisha njia. Anakagua majina. Mimi kuku simkagui kwa jina."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya aina. Lugha anayoandikia ni ile inayotaka kila kitu kitangazwe ni cha aina gani: hiki ni namba, hiki ni maneno, hiki ni orodha. Ukijaribu kujumlisha namba na jina la mtu, inakukatalia. Kasoro ni kwamba saa yetu na saa ya mashine zote mbili alizitangaza kuwa namba, na lugha ikaridhika. Namba ni namba. Sasa angetangaza aina tatu: SaaYetu, SaaYaMashine, na Muda. Na mkaguzi asingetazama jina tena, angetazama aina.

"Itakuchukua siku ngapi?"

"Kuandika yote toka mwanzo, mwezi. Lakini kuna maktaba."

"Ya Singida mjini? Ile nadhani inafungwa Jumamosi."

"Baba mdogo!" Akanisukuma bega. "Si ya vitabu. Ni vifaa vidogo vidogo ambavyo watu wengine wameshaviandika, wakaviweka pamoja ili mtu anayetengeneza kanuni asianze sifuri. Kuna cha kuuliza hiki ni cha aina gani. Kuna cha kuuliza hiki kimetoka wapi. Kuna cha kuuliza kama kinaweza kuwa cha aina mbili."

"Boksi la spana."

"Ee. Boksi la spana."

"Na unawalipa?"

"Ni bure."

"Basi chukua."

Alifanya kazi Jumamosi yote. Siku hiyo vilitotolewa vilivyobaki. Vifaranga ishirini na vinne vilitoka kwenye trei ya walio hai, na saba vikatoka kwenye trei ya SIJUI. Thelathini na moja kati ya mayai mia tano arobaini na nane. Niliviweka kwenye boksi moja la sabuni, vikaenea na nafasi ikabaki.

Jumapili baada ya ibada Theodora akaja mbio na kompyuta mkononi kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

"Tayari! Nimeandika kanuni kwa vifaa vya maktaba. Hakuna SaaYetu inayoweza kuingia kwenye mashine bila kupita kwenye kigeuzi. Angalia." Akaiwasha. Mia moja arobaini na tatu ikawa sifuri. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

"Sifuri," nikasema.

"Sifuri!"

"Na mstari wa meseji bado ni ule mbovu, kwenye hiyo nakala?"

Uso wake ukabadilika. Akatafuta, akaufungua. Ulikuwa safi kabisa, mbovu vilevile.

Alikaa muda anasoma. Halafu akanieleza, na safari hii alieleza polepole kwa sababu na yeye alikuwa anajieleza mwenyewe. Meseji inatoka nje, kwenye simu ya mtu. Lugha haijui mtu ataandika nini. Kwa hiyo kinachoingia kinapewa aina moja ya ajabu inayomaanisha "chochote". Kile kifaa cha maktaba kilipouliza "wewe ni wa aina gani", jibu likawa "chochote". Na kanuni yake ilikuwa inatafuta SaaYetu. Chochote si SaaYetu. Ikampitisha.

"Kifaa kimefanya kazi yake," nikasema. "Kimeuliza, kimejibiwa. Aliyeharibu ni wewe uliyesikiliza jibu."

"Nimeharibu wapi?"

"Njoo."

Nikampeleka kwenye chumba cha mashine. Trei tatu zilikuwa bado mezani. Nikaweka kidole kwenye ya tatu.

"Hii umeisahau. Kanuni yako ina trei mbili. Aliye mbaya namkamata, anayebaki ni mzima. Hapana. Kuna mzima, kuna mbaya, kuna SIJUI. Na sijui inakwenda wapi?"

"Chini. Peke yake."

"Inakwenda kwa wazima?"

"Haiendi."

"Basi nenda kaandike hivyo. Anayeingia kwenye mashine ajitangaze. Asiyejitangaza, hata kama ni mtakatifu, anabaki nje mpaka aseme yeye ni saa ya nani."

"Baba mdogo, ungesoma wewe ungekuwa hatari," akasema.

"Ningesoma ningekuwa ofisini nanakili majina. Nenda."

Kwenye boksi lile la spana kifaa alichohitaji kilikuwepo tangu mwanzo. Kazi yake ni kuuliza tu kama kitu ni "chochote". Alikuwa amekiona akadhani hakimhusu. Jumanne mchana kanuni ikawa tayari, na aliniuliza mkaguzi aseme nini anapoweka mstari mwekundu. Wenzake, alisema, huandika maneno marefu ya kitaalamu.

"Andika: Saa hii ni ya nani? Sema kwanza."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mtu akikosea haelewi maneno marefu."

Akaiwasha. Mistari myekundu saba. Wa kwanza ulikuwa "kuanzia". Wa pili ulikuwa "mpaka". Mitano ilikuwa mahali pengine ambapo hatukuwa tumepashuku hata siku moja. Mmojawapo ulikuwa wa mashine ya Iguguno, pale mayai yanapoacha kugeuzwa siku ya kumi na nane. Ungekosea kwa saa sita kila awamu, mwaka hadi mwaka, na watu wa Iguguno wangesema jogoo wao ni wabovu.

Alhamisi Rahabu alishuka kwenye gari na wanawake wawili na trei za mayai. Hakuzishusha. Aliziacha ndani, akamwambia dereva asubiri, akaingia.

Theodora akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Nionyeshe."

Theodora alikuwa ameandaa maelezo. Nikamkatiza. Nikamwambia aharibu programu mbele yake, airudishe kama ilivyokuwa siku ile. Akaiharibu. Kisha akataka kuituma kwenye mashine. Mstari mwekundu ukatokea, na kutuma kukagoma.

Rahabu akavaa miwani akasoma kwa sauti. "Saa hii ni ya nani? Sema kwanza." Akageuka kwa wenzake. "Inauliza kama mama mkwe." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Hii ingekuwepo Jumatatu ile?"

"Mayai yangekuwa hai," Theodora akasema.

"Na asipoisikiliza? Akiona haraka akaipita?"

"Haipitiki. Programu haifiki kwenye mashine mpaka mkaguzi anyamaze. Hata mimi niliyeiandika."

"Na wewe, Antipasi. Ulipoandika mbili, ulifikiri nini?"

"Nilifikiri kila mtu anajua mbili ni asubuhi."

"Hata mimi ningefikiri hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike akakaa kwenye kiti. "Sasa sikiliza. Mia sita sikupi. Nakupa mia tatu, nyingine zitalaliwa na kuku nyumbani kama zamani, tuone nani atashinda. Na kwa yaliyokufa, hela sitaki. Nikipeleka hela Mtinko itafika kwa wanaume. Nataka mtetea mmoja kwa kila mwanamke, anayetembea kwa miguu yake. Kutoka kwenye banda lako, si la sokoni."

"Thelathini na wanne?"

"Umehesabu vizuri. Hutadai kwamba nimekosea saa."

Tulikamata kuku mchana huohuo, mimi na Martina na Theodora, na wale wanawake wawili wakisimamia kuhakikisha hatutoi vikongwe. Ndipo Rahabu alipomwambia dereva ashushe trei.

Siku ya ishirini na moja, mayai mia tatu yalitoa vifaranga mia mbili thelathini na nane. Kuku wa Mtinko waliolalia mia tatu nyingine walitoa mia mbili na tisa. Rahabu alipiga simu akataja namba hizo bila neno jingine, akaongeza kwamba awamu ijayo ataleta mia sita. Theodora hajarudi Dodoma. Mashine zote saba zina mkaguzi, na mwezi uliopita mwenye mashine ya nane ameomba kuunganishwa, wa Manyoni.

Gharama yake ni hii. Mayai mia tano na kumi na saba, nimeyafukia nyuma ya nyumba kwenye shimo la kina cha kiuno. Siku kumi na saba za joto. Msimu mmoja wa wanawake thelathini na wanne. Siku nane za Theodora. Mitetea thelathini na wanne. Nilikuwa na kuku arobaini na watatu, nimebaki na tisa.